Nyundo Kwanza, Banda Baadaye

Safari hii tungependa tuongee kuhusu neno ambalo siku hizi halikosekani katika hotuba ya waziri yeyote, awe wa Riyadh, Dodoma au Nairobi. Neno lenyewe ni ujasiriamali. Serikali zinasema zitaufundisha mashuleni, zitawapa vijana mitaji, zitawajengea vituo atamizi vya kulelea kampuni changa. Maneno ni matamu. Lakini sisi tuliolelewa na serikali za nyumbani, kisha tukaja kufanya kazi katika nchi za watu, tuna haki ya kuuliza: hayo yamewahi kujaribiwa? Na yalipojaribiwa, nani alifaidika?

Tuanzie hapa tulipo. Mwenye kuijua Jeddah anaujua mtaa wa Bani Malik, mtaa wa wageni wa Asia na Afrika. Kwa miaka mingi hapo ndipo mgeni alipopata chumba cha bei nafuu, mtu wa kumtengenezea simu, fundi wa kumshonea nguo na chakula kinachofanana na cha kwao. Ukitafuta ujasiriamali, ulikuwa hapo. Lakini mgeni huishi kwa ikama, na ikama hutaja kazi yake na kafili wake. Kufanya biashara nje ya hayo ni kosa, hata kama mkono wako una ufundi wa namna gani.

Kwa upande wake, Saudia imetumia fedha nyingi kukuza ubunifu. Mwaka 1999 ilianzishwa Mawhiba, taasisi ya kuwatafuta na kuwaendeleza wanafunzi wenye vipaji. Mwaka 2007 ikaja Badir, programu ya kulea kampuni za teknolojia. Mwaka 2009 kikafunguliwa chuo kikuu cha KAUST huko Thuwal, kaskazini ya Jeddah, ambacho hupokea wanafunzi wa dunia nzima. Kisha mwezi wa Aprili 2016 ikatangazwa Dira ya 2030, yenye lengo la kupandisha mchango wa biashara ndogo na za kati kutoka asilimia 20 ya pato la taifa hadi 35, na mamlaka iitwayo Monsha'at ikapewa kazi ya kuzisimamia biashara hizo.

Kwa sehemu kubwa mipango hii imewalenga raia. Mwaka 2019 ulifunguliwa ukaazi maalumu usiohitaji kafili, kwa ada ya riyali 100,000 kwa mwaka au 800,000 kwa mara moja, na mwaka 2024 zikaongezwa aina nyingine, ikiwemo ya wajasiriamali. Mlango upo, lakini dereva na fundi cherehani watauona kwa mbali. Hatusemi hivi kwa kulalamika. Mwenye nyumba huanza kuwalisha wanawe. Swali letu ni hili: na sisi, kwetu tulipangiwa nini?

Tanzania haikungoja neno ujasiriamali. Mwezi Machi 1967, baada tu ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea. Hoja yake ilikuwa rahisi. Shule ya msingi ilikuwa ikimwandaa kila mtoto kwa ajili ya sekondari, ilhali watoto wengi mno hawakuwa na nafasi huko. Kwa hiyo shule iwe na shamba au karakana, mtoto ajifunze kuzalisha na kuamua, naye akimaliza asijione kuwa ameshindwa maisha. Baadaye sekondari nazo zikagawiwa michepuo ya kilimo, ufundi, biashara na sayansikimu.

Waliosoma miaka ile wanajua kilichotokea katika shule nyingi. Shamba la shule likageuka kuwa mahali pa kumpeleka mtoto mchelewaji na mtundu, akalime kama adhabu. Mavuno yalikwenda wapi, mwanafunzi hakuambiwa. Na ulipofika mtihani wa darasa la saba, kilichopimwa kilikuwa kalamu. Mzazi si mjinga. Akiona serikali inasifu jembe lakini inatoa nafasi kwa kalamu, atamhimiza mwanawe ashike kalamu.

Mwaka 1973 Bunge likapitisha sheria ya kuunda SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo. SIDO ilijenga mitaa ya viwanda mikoani, na kuanzia katikati ya miaka ya 1970, kwa msaada wa Sweden, ikaanzisha mpango wa viwanda dada: kiwanda kidogo cha Sweden kilikifundisha kiwanda kichanga cha Tanzania kazi yake, mashine kwa mashine. Ulikuwa ulezi wa kampuni changa kabla jina hilo halijawa maarufu. Udhaifu wake ulionekana nchi ilipokosa fedha za kigeni. Mashine iliyotoka nje ilitaka vipuri na malighafi kutoka nje, na visipokuja, fundi hukaa akiitazama.

Kenya ilipita njia nyingine. Mwaka 1966 Baraza la Kikristo la nchi hiyo liliuliza hadharani kijana akimaliza shule afanye nini, na katika mjadala huo zikazaliwa polytechnic za vijijini. Mwaka 1972 wataalamu wa Shirika la Kazi Duniani, ILO, walikwenda Kenya kuchunguza tatizo la ajira. Wakaandika kwamba wale mafundi wa kando ya barabara, waliokuwa wakifukuzwa na askari wa jiji, walikuwa wakifanya kazi ya maana na yenye faida. Wakenya wamewapa mafundi hao jina la jua kali, kwa kuwa walifanya kazi bila paa.

Paa lilichelewa. Ni katikati ya miaka ya 1980 ndipo Rais Moi alipowatembelea mafundi wa Kamukunji, Nairobi, na serikali ikaanza kuwajengea mabanda. Tazameni mfuatano huo: nyundo zilikuwa zikilia miaka mingi kabla ya banda. Na miongoni mwa bidhaa za Kamukunji ni yale masanduku ya bati ambayo wanafunzi wa bweni hubeba kwenda shule. Sanduku liliingia darasani, fundi akabaki nje.

Mfumo wa 8-4-4, ulioanza 1985, ulikusudia kumwingiza. Watoto wa shule za msingi walifundishwa sanaa na ufundi, kilimo na sayansi ya nyumbani, na safari hii masomo hayo yalitahiniwa. Lakini karakana zilikuwa chache, vifaa vilinunuliwa na wazazi, na masomo yalikuwa mengi kupita kiasi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 masomo hayo ya mikono yakaondolewa katika mtihani wa taifa wa darasa la nane. Tangu 2017 Kenya imekuwa ikiingiza mtaala wa umilisi, unaoahidi tena kumpima mtoto kwa anachoweza kutenda.

Je, hakuna lililofaulu? Lipo, na tumelipikia chai. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Wizara ya Nishati ya Kenya, pamoja na wafadhili na mashirika ya nchini, ilisaidia kutafuta jiko linalotumia mkaa kidogo. Wazo la msingi lilitoka kwenye jiko la Thailand: ganda la bati, na ndani yake udongo uliochomwa. Halikupelekwa kwenye kiwanda kimoja kikubwa. Walifundishwa mafundi wa jua kali, na kila mmoja akawa huru kulitengeneza, kulirekebisha na kuliuza. Jiko likaenea Kenya, likavuka mipaka. Serikali haikumfundisha fundi kuwa mjasiriamali, maana tayari alikuwa mjasiriamali. Ilimpa ujuzi aliokuwa hana, kisha ikampisha.

Kwa maoni yetu hilo ndilo fundisho la historia hii yote. Mpango hufaulu unapomkuta mtu kazini ukamwondolea kikwazo, na hushindwa unapomtungia kazi ambayo wenyewe waliotunga hawaipimi wala hawaiheshimu.

Sasa hesabu hii inatugusa sisi. Kuanzia Julai 2017 Saudia ilitoza riyali 100 kwa mwezi kwa kila mtegemezi wa mfanyakazi mgeni, na ada ikapanda kila mwaka hadi riyali 400 mwaka 2020. Mwenye mke na watoto watatu apige hesabu mwenyewe. Kisha mwaka 2021 na 2022 mitaa mingi ya Jeddah ilibomolewa ili mji upangwe upya, na Bani Malik ulikuwa katika orodha. Familia zikafunga mizigo. Miongoni mwa waliorudi kuna vijana wanaojua kutengeneza viyoyozi, kupika kwa ajili ya watu mia tano, kusema Kiarabu cha sokoni. Cheti hawana hata kimoja, kwa hiyo wakifika nyumbani wanahesabiwa kuwa hawajui kitu.

Hawa wasiambiwe waanze semina ya ujasiriamali ukurasa wa kwanza. Tanzania, kupitia VETA, ina utaratibu wa kumpima fundi aliyejifunza kazini na kumpa cheti cha anachokijua. Kenya nayo imeweka sera ya namna hiyo. Tunachotaka jumuiya zetu zidai kwa balozi zetu ni kwamba upimaji huo uwafikie walio ughaibuni kabla hawajapanda ndege, na kwamba miaka ya kazi ihesabiwe. Kwa wakati huu, kila anayeondoka na aombe barua ya mwajiri inayotaja kazi aliyoifanya hasa, na muda alioifanya. Karatasi hiyo haina uzito kwenye mizigo, lakini huenda ndiyo itakayomfungulia mlango nyumbani.