Kutoka Ukubwa wa Uvimbe hadi Mtiririko wa Damu: Historia ya Ultrasaundi katika Kubashiri Mwitikio wa Saratani ya Ini

Historia ya tiba ya saratani ya ini ni historia ya vipimo pia. Kabla ya kudai kuwa dawa imefaa, matabibu hawana budi kukubaliana ni dalili ipi itakayohesabiwa kuwa ushahidi. Insha hii inajenga hoja kwamba ultrasaundi ilipata nafasi katika kubashiri mwitikio wa ugonjwa huu pale kigezo cha ukubwa kiliposhindwa kueleza yaliyokuwa yakitokea ndani ya uvimbe.

Mwaka 1958, Ian Donald na wenzake wa Glasgow walichapisha katika jarida la The Lancet matokeo ya kuchunguza uvimbe wa tumboni kwa mawimbi ya sauti. Hata hivyo, vigezo vya kimataifa vilivyofuata, vikiwemo vya RECIST vya mwaka 2000, vilijikita katika kipenyo cha uvimbe. Toleo la RECIST la mwaka 2009 halikuikubali ultrasaundi kwa upimaji huo, kwa kuwa matokeo yake hutegemea mno mkono wa mpimaji.

Ini, hata hivyo, lilikaidi kanuni ya kipenyo. Uvimbe wa saratani ya ini hulishwa zaidi na ateri, na tiba inayoziba ateri hiyo huweza kuua tishu bila kuupunguza uvimbe. Kwa sababu hiyo, wataalamu waliokutana Barcelona mwaka 2000 walipendekeza kupimwa kwa tishu iliyo hai. Uzito wa suala hili ulidhihirika mwaka 2008, yalipochapishwa matokeo ya jaribio la SHARP lililohusisha wagonjwa 602. Waliopewa sorafenibu waliishi kwa wastani wa kati wa miezi 10.7, ikilinganishwa na miezi 7.9 kwa wasioipata. Lakini waliosinyaa uvimbe kwa kigezo cha RECIST walikuwa asilimia 2 tu. Kwa kipimo cha ukubwa pekee, dawa iliyorefusha maisha ingeonekana karibu haina faida.

Jibu lilitokana na ugunduzi wa awali. Mwaka 1968, Gramiak na Shah walieleza jinsi viputo vya gesi vinavyong'arisha picha ya moyo. Viputo vya kisasa hubaki ndani ya mishipa, hivyo huonyesha damu inayoufikia uvimbe. Nchini Ufaransa, Nathalie Lassau wa taasisi ya Gustave Roussy, Villejuif, aliongoza utafiti katika vituo 19, kwa wagonjwa 539 wenye saratani mbalimbali, ikiwemo ya ini. Matokeo ya mwaka 2014 yalionyesha kuwa kupungua kwa kiashiria cha damu kwa zaidi ya asilimia 40 baada ya mwezi mmoja kulihusiana na kuchelewa kwa ugonjwa kuendelea.

Uhusiano huo, hata hivyo, ni wa kundi. Si hukumu juu ya mgonjwa mmoja mmoja. Kina cha uvimbe, mafuta katika ini na pumzi ya mgonjwa bado huathiri kipimo. Hata hivyo, swali lenyewe lilikwisha kubadilika: badala ya kuuliza uvimbe umebaki na ukubwa gani, tabibu aliweza kuuliza mapema kama bado unalishwa. Kwa mgonjwa mwenye miezi michache, kuijua mapema dawa isiyomfaa ni kuokoa muda asioweza kurudishiwa.