Mlowezi: Istilahi ya Anayetaka Kubaki Ugenini

Mlowezi ni mtu aliyetoka kwao akahamia nchi au eneo la wengine, akakaa hata akapazoea na kujenga maisha yake huko. Kitenzi ni kulowea, hali yenyewe ni ulowezi. Waingereza wana neno lao, nasi Wakenya tulilichukua kwa masikio tukasema setla, wingi masetla. Katika vitabu vyetu vya historia neno hilo limetafsiriwa mlowezi, na tafsiri ni sahihi. Lakini tumeliachia kazi moja tu, ya kumtaja Mzungu aliyechukua mashamba ya watu, ilhali linahitajika sana leo kwa jambo jingine.

Hapa mtaani Umoja, Nairobi, kuanzia Innercore hadi soko la Mutindwa, mazungumzo ya kazi hayamaliziki bila kutaja nje. Haishangazi. Mwaka 2024 Wakenya walio ng'ambo walituma nyumbani karibu dola bilioni 5 za Marekani, na Septemba mwaka huohuo Kenya na Ujerumani zilitia saini makubaliano ya ajira na uhamiaji. Zamani nje ilikuwa Ulaya, Marekani na Ghuba. Sasa wapo vijana wanaotaja Unguja, Pemba, Mahé ya Shelisheli na Mauritius. Kijana aendaye Unguja au Pemba hujaza begi la mgongoni, hupanda gari la Mombasa, huvuka mpaka Lunga Lunga, hufika Tanga au Dar es Salaam na kupanda boti. Huko hulala nyumba za wageni za bei nafuu, huogelea, huuliza mishahara ya hoteli na kodi za nyumba, na moyoni huwa anapima: je, naweza kubaki hapa nifanye kazi?

Swali hilo ni jema. Tatizo ni kwamba tunalijibu kwa neno moja, "kuhamia", wakati ndani yake mna hali tatu tofauti: ugeni, ukaazi na ulowezi. Kila moja ina sheria zake na hatari zake.

Tuanze na mgeni. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010, na kanuni zake zinamruhusu raia wa nchi mwanachama kuingia nchi nyingine bila viza na kupewa pasi ya kukaa hadi miezi 6. Anayekwenda Uganda au Rwanda anaweza kusafiri kwa kitambulisho cha taifa tangu mwaka 2014, lakini Tanzania haimo katika mpango huo, kwa hivyo anayekwenda Zanzibar anahitaji pasipoti au hati ya muda ya kusafiria. Shelisheli haimdai Mkenya viza. Humpa mgeni kibali cha matembezi cha hadi miezi 3, ambacho huweza kuongezwa, mradi aonyeshe tiketi ya kurudi, mahali pa kulala na fedha za kujikimu. Mauritius nayo haimdai Mkenya viza.

Msafiri husikia habari hizi akafurahi, kisha akafanya kosa la kudhani kuwa asiyedaiwa viza ameruhusiwa kufanya kazi. Methali yetu yasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sheria za uhamiaji zimeipindua. Mgeni anaweza kukaa siku 90, akala, akalala, akatumia fedha zake, na asiruhusiwe kulishika jembe hata siku moja. Mwenyeji akimpa jembe kimyakimya, wote wawili wamevunja sheria, na mgeni ndiye atakayefukuzwa.

Hali ya pili ni ukaazi. Lugha ya kawaida inaye mkazi, yaani mtu yeyote akaaye mahali: mkazi wa Umoja, mkazi wa Kayole. Lugha ya sheria nchini Tanzania hutumia ukaazi, kwa irabu mbili, kwa maana finyu zaidi: haki ya mgeni kukaa nchini kwa sababu maalumu na kwa muda uliotajwa katika hati. Kibali cha ukaazi kina madaraja: A kwa mwekezaji au mfanyabiashara, B kwa mwajiriwa, C kwa makundi mengine kama wanafunzi na watafiti. Tofauti hii ya ukazi na ukaazi ni ndogo kimatamshi lakini inafaa kutunzwa, kwa maana mtu anaweza kuwa mkazi wa Nungwi, Unguja, miaka 4 na asiwe na ukaazi hata kidogo.

Zanzibar ina jambo jingine ambalo wasafiri wengi hawalijui. Uhamiaji ni jambo la Muungano, kazi si jambo la Muungano. Kwa hiyo Mkenya aliyepata ajira hotelini Unguja anahitaji hati mbili kutoka mamlaka mbili: kibali cha kazi kutoka Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, na kibali cha ukaazi kutoka Uhamiaji. Hati moja haisimami mahali pa nyingine. Shelisheli nako mwajiri ndiye anayemwombea mgeni kibali cha kazi, na kabla ya hapo hutakiwa aonyeshe kuwa alitafuta raia wa nchi hiyo wa kuifanya kazi akakosa.

Wengine hudhani wataikwepa ajira kwa kujiajiri: kufungua saluni, kutengeneza simu, kutuma na kupokea pesa, kuwatembeza watalii. Ndizo kazi ambazo kijana wa mtaa wetu huanza nazo kwa mtaji mdogo. Mwezi Julai 2025 Tanzania ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara Tanzania Bara, na kazi hizo nne zimo katika orodha, ingawa saluni iliachiwa nafasi katika hoteli na utalii. Adhabu yake ni pamoja na faini ya shilingi milioni 10 za Tanzania na kifungo cha hadi miezi 6. Ndugu wa Jumuiya moja ya Afrika Mashariki wamebishana sana juu ya amri hiyo, na nadhani ubishi huo ni wa haki, kwa kuwa soko la pamoja halijakamilika iwapo mwenye mtaji mkubwa anapita na mwenye kiti kimoja cha kinyozi anazuiwa. Lakini msafiri hawezi kuishi kwa kutumaini sheria itakayokuja. Lazima aijue iliyopo.

Kati ya mgeni na mwenye ukaazi amezuka mtu mpya, yule anayesafiri na laptopu, akiwa kisiwani huku mwajiri wake yuko nchi nyingine. Mauritius ilimfungulia mlango mwaka 2020 kwa viza ya mwaka mmoja inayoweza kuongezwa, bila ada, kwa sharti kwamba awe na kipato cha angalau dola 1,500 kwa mwezi kutoka nje ya nchi. Shelisheli ilifuata mwaka 2021, na Oktoba 2024 Kenya yenyewe ilitangaza kibali cha daraja N kwa watu kama hao. Nimeona akiitwa mhamahamaji wa kidijitali. Sikubaliani na tafsiri hiyo. Kwetu mhamahamaji ni mfugaji: Mgabra, Mrendile au Mturkana anayefuata maji na malisho pamoja na jamaa na mifugo yake, katika ardhi ambayo mababu zake waliijua kisima kwa kisima. Huyo si mgeni huko aendako. Mtu wa laptopu ni mgeni, na analolipeleka ugenini ni kazi aliyokwisha kuipata kwingine. Ningemwita mgeni mwenye kazi yake. Istilahi hiyo inabeba sharti lote la kisheria: anaruhusiwa kukaa kwa sababu hachukui ajira ya mwenyeji.

Umoja tunao wengi wanaofanya kazi za namna hiyo usiku, wakiandika, wakigeuza sauti kuwa maandishi au wakipanga data kwa ajili ya kampuni za mbali. Kwa ustadi wangefaa. Linalowachuja ni lile sharti la dola 1,500 kwa mwezi, pamoja na mikataba ya vipande vipande isiyomwezesha mtu kuthibitisha mapato.

Sasa tumfikie mlowezi. Nchini Kenya neno hili lina jeraha. Sheria ya ardhi ya kikoloni ya mwaka 1915 iliruhusu walowezi wa Kizungu wakodishiwe mashamba kwa miaka 999, huku waliokuwa wakiyalima wakigeuzwa maskwota katika udongo wa baba zao. Anayelisikia neno na kukunja uso ana sababu.

Lakini vuka mpaka uende Kigoma. Huko Idara ya Uhamiaji ya Tanzania huwaita walowezi watu waliotoka Burundi, Kongo na kwingineko miaka mingi iliyopita, wakalima, wakaoa na kuzaa, bila hati yoyote. Neno ni lilelile, ila huyu hana bunduki wala hatimiliki. Kinachowaunganisha mlowezi wa Kizungu wa Nyanda za Juu za Kenya na mlowezi wa Kigoma ni muda na mazoea tu. Unyang'anyi haumo katika maana ya neno. Ulikuwa katika ukoloni. Kwa hiyo naona tunaweza kulirudisha kazini bila kuisahau historia: tuseme walowezi wa kikoloni pale tunapowakusudia wale, na tuliache neno lenyewe limtaje kila aliyehamia akazoea.

Tukifanya hivyo tutaona jambo ambalo "kuhamia" hulificha. Ukaazi hutolewa ofisini. Ulowezi hauna ofisi. Na viwili hivyo haviendi pamoja kila mara. Wamakonde walitoka kaskazini mwa Msumbiji wakaja Kwale na Taita Taveta tangu miaka ya 1930 kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa. Walilowea kwa vizazi, lakini hawakuwa na vitambulisho. Oktoba 2016 waliandamana kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi kuomba uraia, na mwaka 2017 wakatambuliwa kuwa jamii ya 43 ya Kenya. Wapemba nao walivuka bahari kuja kuvua samaki katika pwani yetu, wengine wakaja baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964. Wakaishi Vanga, Shimoni na hadi Kilifi, wakizungumza Kiswahili kama majirani zao, wakikosa leseni za uvuvi kwa kukosa vitambulisho. Walitambuliwa mwaka 2023.

Kijana wa Umoja anayevuka mkondo wa Pemba kutafuta riziki anapishana na njia ya Wapemba hao. Walikuja kwetu kwa sababu ileile inayompeleka yeye kwao. Akilijua hilo hatawaona wenyeji wake kama mandhari ya likizo, wala hatashangaa wakimwuliza amekuja kufanya nini.

Safari ya begi mgongoni basi ina faida kubwa, mradi msafiri ajue anapima nini. Kama anapima ukaazi, ufukweni hapana jibu. Jibu liko katika mkataba ulioandikwa, jina la mwajiri, na nani analipia vibali. Kanuni za Jumuiya zinataka mwenye mkataba wa zaidi ya siku 90 aombe kibali cha kazi ndani ya siku 15 za kazi tangu mkataba ufungwe, kwa hiyo mwajiri anayesema "anza tu, kibali kitafuata" ni wa kuepukwa. Na kama kazi imeletwa na wakala wa Nairobi, jina la wakala huyo litafutwe kwanza katika orodha ya waliosajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira.

Kama anapima ulowezi, aende wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, mvua inaponyesha, watalii wamepungua na hoteli kadhaa zimefunga. Huo ndio msimu wa kujua mshahara unasimamaje. Aulize kodi ya chumba: Umoja tunalipa kwa mwezi, Unguja mwenye nyumba aweza kudai ya miezi 3 au 6 kwa mkupuo. Aulize hospitali, shule, bei ya unga. Akae na watu barazani, aamkie wakubwa kwa shikamoo hata kama mtaani kwetu tumezoea "sasa" na "niaje", aone kama baada ya wiki kadhaa bado anasikiliza kwa hamu au anahesabu siku.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa waandishi, walimu na maofisa wa ajira ni huu. Kwa anayetembea, tuseme mgeni. Kwa anayefanyia kampuni ya mbali, tuseme mgeni mwenye kazi yake. Kwa mwenye hati ya kukaa na kufanya kazi, tuseme mkaazi, kwa irabu mbili. Kwa aliyezoea na kubaki, mwenye hati au asiye nayo, tuseme mlowezi. Na diaspora tuibakize kwa jumla ya Wakenya walio nje wakitazamwa kutoka nyumbani. Katiba ya 2010, kifungu cha 16, inamhakikishia raia wa kuzaliwa kwamba hapotezi uraia wake kwa kupata wa nchi nyingine. Kwa hiyo kulowea Mahé hakumfanyi mtu kuwa mtoro wa Kenya.

Lugha ikizitenga hali hizi, kijana atajua aulize nini kabla ya kulipa nauli, na mzazi wake ataelewa mwanawe yuko katika hali gani. Nasi tutawatazama kwa haki zaidi wale waliolowea kwetu, kwa kuwa tutakuwa tunawaita kwa jina lilelile tunalotaka watoto wetu waitwe kwa heshima huko waliko.