Jamii za Mtandaoni na Deni la Magazeti: Funzo la Mwaka 1995

Gazeti likimsingizia mtu mwenye jina, mtu huyo ana pa kwenda: atadai kuombwa radhi, atapeleka malalamiko kwenye baraza la habari, na ikibidi atafungua kesi ya kashfa. Likiisingizia jamii ya watu wanaokutana mtandaoni, mlalamikaji hapatikani, kwa kuwa jamii hiyo haina ofisi wala msemaji, na aghalabu haina hata orodha ya wanachama wake. Makala haya yanadai kwamba pengo hilo halizibwi na sheria ya kashfa. Linazibwa katika chumba cha habari, gazeti linapokubali kuanika ushahidi wake ukaguliwe kabla ya kuchapa, na kusahihisha kwa uzito uleule liliokosea nao.

Kisa cha jarida la Time la Marekani kinaonyesha sababu. Toleo la tarehe 3 Julai 1995 lilitangaza jaladani kwamba ponografia imetapakaa mtandaoni. Habari yenyewe ilitegemea utafiti wa Marty Rimm, mwanafunzi wa shahada ya kwanza katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, uliotolewa na Georgetown Law Journal, jarida la sheria linalohaririwa na wanafunzi. Takwimu iliyovuma ilikuwa asilimia 83.5, iliyodaiwa kuwa sehemu ya picha za ngono katika makundi ya picha ya Usenet, mfumo wa makundi ya majadiliano ya mtandaoni. Donna Hoffman na Thomas Novak wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt walipouchambua utafiti huo, walibainisha kwamba sehemu kubwa ya data ilitoka kwenye huduma binafsi za watu wazima, zinazoingiwa kwa malipo, wala si kwenye Usenet. Isitoshe, habari hiyohiyo ilikiri kwamba picha hizo zilikuwa takriban asilimia 3 tu ya ujumbe wa Usenet, na kwamba Usenet ilichukua asilimia 11.5 ya mawasiliano ya intaneti. Ukizidisha, hupati hata nusu ya asilimia moja. Wahariri, basi, hawakukosa taarifa. Walipotoka katika kuzipanga: la kutisha lilipewa jalada, la kulipima likaachwa ndani.

Madhara yake yasitiwe chumvi. Baraza la Seneti lilikuwa limekwisha kupitisha, katikati ya Juni, pendekezo la kudhibiti maudhui ya mtandaoni. Kwa hiyo Time haikuizaa sheria ya udhibiti huo, iliyotiwa saini Februari 1996, ambayo vifungu vyake kuhusu maudhui yasiyo na adabu vilibatilishwa na Mahakama ya Juu mwaka 1997. Hata hivyo, Seneta Charles Grassley aliinukuu takwimu ya asilimia 83.5 bungeni, na dhana ikavaa joho la sayansi. Wiki tatu baadaye jarida lilieleza kasoro za utafiti huo katika kurasa za ndani. Aliyeliona jalada kwenye kibanda cha magazeti hakuwa na sababu ya kuyaona maelezo hayo.

Wapo watakaosema kwamba jamii hizi zina sauti, zijitetee zenyewe. Kweli, watumiaji wa mtandao walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuufichua udhaifu wa utafiti ule; lakini walisomwa na wenzao, si na wasomaji wa Time. Hoja nzito zaidi ni kwamba uwajibikaji ukikazwa utaipa serikali fimbo ya kuwachapa waandishi. Hofu hiyo ina msingi pale ambapo adhabu iko mikononi mwa dola. Ninachokitetea hakihitaji leseni wala faini: mhariri awape wataalamu wasiofungamana na mtafiti nafasi ya kuisoma data, awaulize wanaoijua jamii husika, aseme kila asilimia ni ya jumla ipi, na marekebisho yatokee mahali palepale palipotokea kosa. Wala kutojulikana kwa wanachama si udhuru, kwa sababu kilichopotoshwa mwaka 1995 kilikuwa hesabu, na hesabu hukaguliwa bila kumjua mtu jina. Gazeti linaloudai ulimwengu wa mtandao uwajibike kwa yanayosemwa humo halina hoja ya kukwepa kipimo hichohicho.