Kabla ya Helvetica Kulikuwa na Leso

Kabla sijaacha chuo, mwalimu mmoja wa dizaini alitupa kazi: leteni historia ya herufi. Wenzangu wakaleta Gutenberg, wakaleta Helvetica ya Uswisi ya 1957, slaidi safi kabisa. Mimi nikaleta picha nilizopiga na simu kuanzia Likoni hadi Msambweni: migongo ya tuktuk, vibao vya vinyozi, mikokoteni ya maji, leso za bibi yangu. Akaziangalia, akacheka kidogo, akasema hiyo si historia, hiyo ni mtaa.

Jamani, sikuacha chuo kwa sababu yake. Niliacha kwa sababu ya karo. Lakini hilo neno halijanitoka kichwani, na leo nalijibu. Tia simu kwa chaji, hii ni ndefu kidogo.

Tuanze na jiwe. Watu wa Diani mnaujua msikiti wa Kongo, pale Mto Mwachema unapoingia baharini, wa matumbawe na chokaa, wa tangu zamani za kale. Sasa kutoka hapo shuka na bahari kuelekea kusini mpaka ufike Kizimkazi, Unguja. Msikiti wa huko una maandishi ya Kikufi yaliyochongwa kwenye matumbawe, na yana tarehe: mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Gutenberg anakuja kuzaliwa karibu miaka 300 baadaye. Na usidhani ni herufi zilizosimama tu kama askari. Ncha zake zinachipuka majani, mpaka mtu anayesoma Kiarabu kila siku akisimama mbele yake anahitaji muda kidogo kujua neno linaanzia wapi. Unajua nani mwingine anafanya hivyo? Yule kijana wa graffiti anayekunja jina lake ukutani mpaka hulisomi. Watu wanamwambia ameiga Marekani. Labda ameiga. Lakini kuficha neno ndani ya urembo, hiyo pwani hii tunaijua kwa zaidi ya miaka 900.

Kwenye jiwe na kwenye vizingiti vya milango ya Lamu na Mji wa Kale, herufi zilikuwa za mwenye pesa. Mwenye jumba ndiye anaandika. Kitu kilichovunja huo utaratibu ni leso, na hapa ndipo nataka tukae.

Jina lenyewe ni la Mreno, lenço, kitambaa cha mkono. Inasimuliwa kwamba katika karne ya 19 wanawake walikuwa wakinunua hivyo vitambaa vikiwa bado havijakatwa, wakavishona pamoja mpaka vikawa nguo moja kubwa ya kujifunga. Wafanyabiashara wakaona, wakaagiza nguo nzima ichapishwe hivyo hivyo. Mombasa, duka la Kaderdina Hajee Essak lilianza 1887, na mpaka leo ukinunua leso yake utaona ile alama ya Mali ya Abdulla pembeni. Dizaini ya leso unaijua hata kama hukuwahi kuiita dizaini: pindo linazunguka pande zote, mji uko katikati, na chini ya mji kuna jina, ule mstari wa maneno.

Huo mstari ndio nasema ni kazi kubwa ya herufi kuliko zote pwani hii, na uko vile kwa sababu. Herufi kubwa tupu, nene, hazina mapambo. Kwa nini? Fikiria mahali zinaposomwa. Zinasomwa kwa mgongo wa mtu anayetembea, na anayezisoma ni jirani aliye nyuma yake hatua kumi, na yule jirani ndiye aliyekusudiwa. Mwanamke ambaye hakuwa na gazeti wala ukuta alipata mahali pa kusema na mke mwenza, na shemeji, na mume, bila kufungua mdomo. Akiulizwa, anasema nguo tu hii. Sijui bango gani la matangazo limewahi kufanya kazi nzito namna hiyo.

Cha kuchekesha, nguo zenyewe zilichapishwa mbali: Uingereza, Uholanzi, baadaye India na Japani. Aliyezipanga zile herufi kiwandani mara nyingi hakujua Kiswahili hata neno moja. Ndio maana unakutana na leso yenye N iliyogeuka au neno limeruka herufi, na mtu anainunua hivyo hivyo, anaipenda hivyo hivyo.

Sasa sikia sehemu inayoniuma. Majina ya leso mwanzoni yalikuwa kwa herufi za Kiarabu, kwa sababu ndivyo Kiswahili kilivyoandikwa kwa karne nyingi. Barua, mashairi, hesabu za duka, vyote. Krapf alifika Mombasa 1844 akaanza kukiandika kwa herufi za Kilatini, wamishenari wakaendelea, shule za mkoloni zikafuata, na 1930 ikaundwa kamati ya kusanifisha Kiswahili kwa herufi hizo hizo unazosoma hapa. Leso nayo ikahama. Siku hizi jina ni Kilatini karibu kila duka.

Bibi yangu yuko Msambweni, ana zaidi ya miaka 80. Shule ya serikali hakuenda, madrasa alienda. Anaandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, ana daftari la madeni ya mahamri huwezi kumdanganya shilingi. Lakini kwenye fomu zote za maisha yake ameandikwa hajui kusoma. Nikiwa mdogo tulikuwa tunakwenda naye Ukunda kununua leso, anashika kitambaa, anakipenda, halafu ananiita: "Njoo mjukuu, nisomee jina." Halipi mpaka nimsomee, na mara mbili. Hawezi kupeleka nyumbani maneno asiyoyajua, manake akikosea atakuwa amemtukana mtu. Mimi nilikuwa naona fahari, mtoto wa darasa la tatu namsomea mtu mzima. Nimechelewa sana kujua kwamba yeye hakuwa amekosa kusoma. Herufi ndizo zilihamishwa.

Ukiangalia kwa jicho hilo, hata hadithi ya matatu inabadilika. Wengi wenu mnajua matatu za Nairobi na michoro yake, sitaki kurudia. Jina linatoka kwa mapeni matatu, senti 30 za nauli, na 1973 Mzee Jomo Kenyatta akaziruhusu kubeba abiria bila leseni zile za mabasi. Gari la mtu wa kawaida likawa na mgongo mtupu, kama leso, likaanza kuandikwa. Mpaka Februari 2004 sheria za waziri John Michuki zilipoanza: mikanda, vidhibiti mwendo, na ule mstari wa manjano ubavuni. Mikanda iliokoa maisha, sibishani. Lakini rangi na maandishi yalifagiliwa pamoja, na ni mwishoni mwa 2014 ndipo Rais Uhuru Kenyatta akasema vijana waachwe wachore.

Huku kwetu matatu za Likoni–Ukunda nyingi zilibaki vile vile, nyeupe na mstari wake, hazina hadithi. Maneno yalishuka chini. Yalikwenda kwa tuktuk, kwa kioo cha nyuma, kwa kile kipande cha raba kinachoning'inia nyuma ya tairi ya bodaboda. Ukiwa kwenye foleni ya feri, soma. Kuna dua, kuna mafumbo ya mapenzi, kuna jina la mama. Ni jina la leso limepata magurudumu.

Mombasa nako 2018 kaunti ikaamuru majengo ya katikati ya mji na Mji wa Kale yapakwe nyeupe na buluu. Ni kuzuri kwa picha, hata mimi nimepiga. Ila ukuta ukipakwa upya, kilichoandikwa juu yake kinakwenda nao, na sijaona mtu akiuliza kwanza kilikuwa kazi ya nani.

Ukunda hakuna amri kama hiyo, kuna bei. Bango la plastiki la kuchapisha linatoka siku hiyo hiyo, na fonti ni zile zile tatu zilizo kwa kila kompyuta. Pale stejini kuna mzee mmoja fundi wa kuandika vibao, nimekaa naye asubuhi nyingi. Anapiga mstari kwa uzi uliopakwa chaki, anahesabu herufi kwa vidole, halafu anaanza katikati ya neno, si mwanzo, ili lisije likamwishia njiani. S yake ina kiuno. Nimejaribu kuichora kwa kompyuta wiki mbili, haitoki. Amenambia zamani alikuwa na vijana wawili wa kumchanganyia rangi. Sasa anachanganya mwenyewe.

Mwezi uliopita nilimpa kazi. Kibao cha bibi, mahamri na mbaazi, mstari wa juu Kilatini, wa chini herufi za Kiarabu. Akasema za Kiarabu hajui kuandika Kiswahili, aliacha madrasa mapema. Nikamwambia usijali, bibi ataandika kwa karatasi, wewe fuata umbo. Akafuata. Alichukua siku nzima, na zilitoka nzuri, zina kiuno kile kile cha S yake.

Nikambeba bibi na bodaboda kutoka barabarani mpaka mlangoni ili akione kikiwa kimetundikwa. Alisimama muda mrefu. Akasoma kimya, midomo inacheza. Halafu akamgeukia fundi: "Mwanangu, umesahau nukta. Hapo umeandika mbaari."

Fundi akacheka, akafungua mkebe.