Kipeo na Kipeuo: Historia ya Istilahi Mbili za Hesabu

Mwaka 1934 Julius Nyerere alitoka Butiama, katika nchi ya Wazanaki, akaingia shule ya Mwisenge mjini Musoma. Mwaka 1967 Serikali aliyoiongoza ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za umma, na mwaka huohuo likaundwa Baraza la Kiswahili la Taifa. Ikawa lazima hesabu nayo iwe na maneno yake.

Miongoni mwa maneno hayo ni kipeo na kipeuo. Kipeo huhusiana na kitenzi pea, yaani kufika ukomo: kipeo cha pili cha 3 ni 9. Kipeuo chafanana kwa umbo na vitenzi vya kutendua, kama fungua kwa funga: kipeuo cha pili cha 9 ni 3. Kwa mtoto wa Bunda asemaye Kiikizu nyumbani, umbo la neno lenyewe ladokeza kuwa tendo la pili hulirudisha nyuma lile la kwanza.

Hata hivyo, aljebra huyaunganisha yote mawili. Kipeo cha pili cha 3 kikizidishwa kwa kipeo cha tatu cha 3, hupatikana kipeo cha tano, kwa kuwa 2 na 3 hujumlishwa. Kanuni hiyo ikishikwa hata kwa sehemu, kipeo cha nusu cha 9 kikizidishwa chenyewe kwa chenyewe hutoa 9, maana nusu na nusu ni moja. Basi kipeo cha nusu ndicho kipeuo cha pili, yaani 3. Vivyo hivyo, kipeo cha theluthi mbili cha 8 ni 4: kipeuo cha tatu cha 8 ni 2, na kipeo cha pili cha 2 ni 4. Oresme wa Ufaransa aliliwaza jambo hili katika karne ya 14. Newton aliliandika kwa alama katika barua ya mwaka 1676.

Somo hilo hufundishwa sekondari, na kwa Kiingereza. Mwanafunzi wa Mara hubaki na maneno mawili yaonekanayo kupingana, na kanuni iyapatanishayo humjia kwa lugha nyingine. Wala haihitajiki istilahi mpya: nusu, theluthi na robo ni maneno ya sokoni tangu zamani. Palipopungua ni darasa la kuyatumia.