Kidonda cha Kahura: Upasuaji na Usaha Bunyoro, 1879

Historia ya kuzuia usaha baada ya upasuaji kwa kawaida huanzia Ulaya. Tunafundishwa kwamba Ignaz Semmelweis aliwataka madaktari wa Vienna waoshe mikono kwa maji yenye klorini mwaka 1847, na kwamba Joseph Lister alianza kutumia asidi ya kaboliki kwenye vidonda mjini Glasgow mwaka 1865. Hayo ni kweli. Hata hivyo, sisi wanafunzi wa Uganda tuna ushahidi mwingine ulio karibu nasi.

Mwaka 1879, msafiri Mwingereza Robert Felkin alishuhudia upasuaji wa uzazi huko Kahura, Bunyoro. Mama, aliyekuwa na umri wa miaka 20 hivi, alinyweshwa pombe ya ndizi. Mpasuaji aliosha mikono yake na tumbo la mgonjwa kwa pombe hiyo hiyo, kisha kwa maji. Baada ya kupasua, msaidizi alizuia damu kwa kuchoma mishipa kwa chuma cha moto. Mtoto alipotolewa, mama aligeuzwa ili majimaji yamwagike. Ndipo kidonda kikafungwa kwa vijiti saba vyembamba vya chuma na uzi wa gome la mti, kikapakwa dawa ya mizizi iliyotafunwa na kufunikwa kwa jani la mgomba lililopashwa moto.

Kazi haikuishia hapo. Kuanzia siku ya tatu vijiti vilitolewa kwa awamu, na kila mara usaha uliondolewa na dawa mpya kupakwa. Siku ya 11 kidonda kilikuwa kimepona, na mama na mtoto walikuwa salama. Felkin aliichapisha habari hii Edinburgh mwaka 1884.

Tusitie chumvi. Pombe ya ndizi ina kilevi kidogo kuliko spiriti ya hospitali, na dawa iliyotafunwa ingeweza kuingiza vijidudu. Tena usaha ulitokea, kwa hiyo kinga haikuwa kamili. Aidha, tukio moja lililoandikwa na mgeni mmoja halituambii ni akina mama wangapi walipona na wangapi walifariki.

Hata hivyo, utaratibu wenyewe unaonekana wazi: kuosha, kuzuia damu, kumwaga majimaji, kufunga na kukitazama kidonda mara kwa mara. Wasaidizi waliojua kila mmoja kazi yake hawakuwa wakijaribu kwa mara ya kwanza. Huo ulikuwa ujuzi uliorithiwa.

Linalosikitisha ni kwamba jina la msafiri tunalo, la mpasuaji hatuna. Felkin hakuliandika. Kwa maoni yangu, somo la historia ya tiba katika vyuo vyetu halina budi kumpa nafasi mtaalamu huyo, hata bila jina.