Ukungu Ndani ya Lenzi: Kamera za Zamani na Matengenezo Yake katika Kisii na Nyamira

Lenzi ya kamera ya zamani, ile inayofokasiwa kwa mkono kwa kuzungusha pete, huharibiwa na vumbi, grisi iliyokauka na kuvu. Katika nyanda za juu za Kisii na Nyamira, kuvu ndiyo iliyoharibu zaidi. Mji wa Kisii uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, sehemu za Nyamira zinapita mita 2,000, na mvua huzidi milimita 1,500 kwa mwaka, bila kiangazi kirefu cha kukausha vyombo vya ndani. Hewa ileile inayostawisha chai na migomba huiotesha kuvu hadi ndani ya vioo.

Kamera za kwanza zilifika katika eneo hili la Gusii pamoja na watawala wa Kiingereza, waliofungua kituo chao Kisii mwaka 1907, na wamishonari waliowafuata, Wakatoliki wa Nyabururu na Waadventista wa Nyanchwa. Kwa miaka mingi picha ilibaki kitu cha ofisi na misheni. Hata kipande, cheti cha usajili ambacho wanaume Waafrika walilazimishwa kukibeba kuanzia karibu 1920, kilimtambulisha mtu kwa alama za vidole. Mambo yalibadilika sana baada ya sheria ya usajili wa watu kurekebishwa mwaka 1978 ili iwahusu wanawake pia, na vitambulisho vipya vikaanza kutolewa mwaka 1980. Kila mtu mzima sasa alihitaji picha ya uso wake. Vyeti vya shule, pasipoti, harusi na matanga viliongeza kazi, na mpiga picha mwenye kamera shingoni akawa mtu wa kawaida sokoni na kanisani.

Kamera za wapiga picha wa namna hiyo nchini Kenya zilikuwa za chuma na rahisi kuzielewa: Zenit kutoka Urusi, Yashica na Pentax K1000 kutoka Japani. K1000, iliyotengenezwa kuanzia 1976 hadi 1997, huhitaji betri kwa ajili ya kipima mwanga tu. Betri ikiisha, kamera inaendelea kupiga. Zenit E haina betri kabisa. Lenzi iliyokuja na Zenit nyingi, Helios-44 ya milimita 58, ilitokana na Biotar ya kampuni ya Zeiss ya Ujerumani, nayo ina vioo sita vilivyopangwa katika makundi manne. Ndani yake hakuna waya wala injini. Kila kipande kimeshikwa kwa skrubu au kwa pete yenye meno, na kwa sababu hiyo mtu mwenye mikono tulivu na meza safi aliweza kuifungua nyumbani.

Kuvu hukua polepole. Mbegu zake zimo hewani kila mahali. Unyevu ukizidi asilimia 70 hivi na lenzi ikalala gizani kwa muda mrefu, huota na kutandaza nyuzi nyembamba kama utando wa buibui. Hujilisha kwa mafuta ya vidole, vumbi na mvuke wa grisi. Mfuko wa ngozi, uliopendwa kwa heshima yake, ulikuwa mahali pabaya kuliko pote pa kuhifadhia kamera, kwani ngozi hunywa unyevu na kuushikilia. Madhara makubwa yanatokana na asidi ambayo kuvu huitoa. Asidi hiyo hula ule utando mwembamba unaopakwa kwenye kioo ili kupunguza mng'ao, uvumbuzi wa Alexander Smakula wa Zeiss wa mwaka 1935. Lenzi iliyosafishwa mapema hupona kabisa. Iliyochelewa hubaki na makovu hata baada ya kuvu kufa.

Ukaguzi hufanywa kwa tochi. Tundu la lenzi hufunguliwa hadi mwisho, mwanga hupitishwa kutoka nyuma, na jicho hutazama kutoka mbele kwa pembe. Pete ya mbele, ambayo mara nyingi haina pa kushika, huzungushwa kwa kipande cha mpira kinachobanwa juu yake. Pete za ndani zina vijishimo viwili vinavyokabiliana, na chombo chake kinaweza kutengenezwa kwa bikari ya chuma iliyonolewa ncha. Hapa ndipo lenzi nyingi zimeharibiwa: ncha ikiteleza, kioo kinapata mkwaruzo usiofutika. Kioo kilichotolewa huwekwa alama ya upande wake, kwa sababu kikigeuzwa picha haitakuwa kali tena. Peroksaidi ya haidrojeni ya duka la dawa ikichanganywa na amonia huua kuvu, kisha spiriti safi huondoa mabaki.

Pete ya kufokasi inataka uangalifu wa aina nyingine. Grisi ya kale hugeuka gundi, na pete ikazunguka kwa shida au isizunguke kabisa. Mirija miwili ya chuma iliyoshikana kwa meno ya skrubu hufunguliwa taratibu, na fundi hukwaruza alama pale hasa inapoachana. Meno hayo yana mianzo kadhaa, na kati ya hiyo mmoja tu ndio sahihi. Mirija ikiingizwa kwa mwanzo mwingine, lenzi haitafokasi vitu vya mbali. Baada ya kuoshwa kwa petroli safi ya viberiti, meno hupakwa grisi kidogo sana. Ikizidi, hutiririka siku za joto hadi kwenye vipande vyembamba vinavyofungua na kufunga tundu la lenzi, navyo hunata.

Kipimo cha mwisho hufanyika nje. Karatasi nyembamba inayopitisha mwanga hutandazwa mahali pa filamu, mgongo wa kamera ukiwa wazi na shata imeshikiliwa isifunge, kisha lenzi huelekezwa kwenye kitu cha mbali. Ukingo wa mwamba wa Manga, unaoonekana kutoka mbali sana pande zote mbili za mpaka wa kaunti, unafaa mno. Alama ya umbali usio na kikomo kwenye pete ikikutana na picha kali ya ukingo huo, kazi imekamilika.

Mwaka 1985 Minolta ilitoa kamera ya 7000, iliyojifokasi kwa injini, na tangu hapo lenzi mpya zikajaa plastiki na saketi ambazo bikari na spiriti haziwezi kuzitengeneza. Pigo kubwa zaidi kwa wapiga picha wa filamu lilikuwa kamera za dijitali, na baadaye simu. Hata hivyo lenzi zenyewe hazikufa. Kamera za dijitali zisizo na kioo cha ndani, zilizoanza kuuzwa mwaka 2008, hupokea Helios ya zamani kupitia pete ya kuunganishia, na wapiga video wengi wanapenda jinsi inavyolainisha mandhari ya nyuma. Lenzi yenye makovu madogo ya kuvu bado inafaa kwa kazi hiyo, mradi jua lisiipige kutoka mbele, kwani hapo makovu hutawanya mwanga na weusi wa picha hugeuka kijivu.